Chemchemi Chini ya Tuta

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nimelificha. Ninauza mapazia mjini Kakamega, na kila kitambaa kinachoingia dukani kwangu nakitoa kwanza nje, juani, nakivuta pembe zote nione kama rangi yake ni ya kweli. Mtu akinisifu, namuuliza anataka nini. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi na mpole kupita kiasi, husema siku nikifika mbinguni nitagonga lango nisikie kama ni dhahabu au ni bati lililopakwa rangi. Kwa hiyo mama aliponipigia simu asubuhi moja, akicheka kama msichana, kunieleza kwamba Mungu ametutoboea chemchemi chini ya bwawa, karibu kabisa na jiko lake, sikusema haleluya.

"Nani amekuwa akichimba huko?" nilimuuliza.

"Hakuna mtu amechimba. Imetokea yenyewe tu. Maji safi, mukhana wanje, binti yangu! Mpaka unaona mchanga chini."

Aliponisikia sishangilii, akakata simu. Mama hapendi furaha yake iulizwe maswali.

Kwetu ni ndani kidogo kutoka barabara ya Malava, mahali ambapo miwa imemeza kila kitu isipokuwa nyumba na makaburi. Bwawa lenyewe ni la zamani za ukoloni. Lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, na ukuta wake si wa saruji wala wa mawe. Ni tuta la udongo mtupu, udongo ambao watu wa rika la babu yangu walibebeshwa kwa makarai na vikapu, kisha wakaushindilia kwa miguu yao na kwa kwato za ng'ombe. Upande wa juu kuna maji na mafunjo. Upande wa chini kuna nyasi, visiki vya mikaratusi iliyokatwa na mizizi yake kuachwa ioze ardhini, halafu boma la mama: nyumba, jiko, migomba, na kaburi la baba lililosakafiwa vizuri. Ofisi iliyokuwa ikilitunza bwawa ilihamishwa, ikaunganishwa na nyingine, ikagawanywa tena, na sasa ukiuliza ni la nani kila mtu anakuonyesha mlango wa mwenzake. Nililelewa chini ya tuta lile. Nililiona kila siku kutoka mlango wa jiko, na sijui kwa nini haikuwahi kunijia akilini, mimi na shuku zangu zote, kwamba nyuma ya nyasi zile kuna maji yaliyosimama juu kuliko paa letu.

Mwaka huo ulikuwa umeshaanza vibaya. Juu ya tuta kuna kichuguu chetu. Mtu wa mbali anaweza kucheka, lakini kwetu kichuguu kina mwenyewe kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Kinarithiwa, na hata kikiwa kwenye ardhi ya mtu mwingine au ya serikali, hakuna anayekigusa bila ruhusa. Hiki baba alikirithi kwa baba yake, na alipokufa kikawa cha mama. Mvua za kwanza zikianguka, mama hukifunika kwa vijiti na blanketi kuukuu, akaacha tundu moja na chungu mbele yake, kisha akagongagonga vijiti ili kumbikumbi wadhani ni mvua watoke. Mwaka huo aligonga mpaka mikono ikamuuma. Hakutoka hata mmoja.

Mama hakuwa na shaka mwizi ni nani. Tuna jirani, mzee aliyefiwa na mkewe, ambaye nyumba yake iko juu mlimani. Alikuwa ameonekana akipita kwenye tuta alfajiri.

"Huyo amevuna chiswa yangu, kumbikumbi wangu wote," mama alisema. "Kama hajavuna, basi ameifunga na dawa."

Badala ya kumtuliza, nilipokutana na mzee huyo njiani nilimsalimia kwa heshima zote, kisha nikamuuliza, "Mzee, obusuma inashukanga vizuri siku hizi? Ugali haukosi kitoweo?" Alinielewa papo hapo. Aligeuza uso, na tangu siku hiyo boma lake na letu hayakusalimiana.

Basi hiyo ndiyo hali niliyoikuta nilipokwenda nyumbani Jumamosi kuiona chemchemi ya mama. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na mitungi, wakiimba. Chini kabisa ya tuta, katikati ya visiki, maji yalikuwa yakibubujika kutoka ardhini, meupe, na katika kila tundu lilipotokea bubujiko chembe za mchanga zilikuwa zikirukaruka na kujipanga duara kama kiota. Mama alinishika mkono anionyeshe.

"Angalia vile inacheza! Sasa sitashuka mtoni tena na haya magoti."

Alisema magoti, nami nikakumbuka jinsi anavyopanda ile njia ya mtoni, akisimama kila mahali kujifanya anatazama mihindi ya watu. Kwa kitambo kidogo nilitamani sana iwe chemchemi kweli.

Mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wetu, ndiye aliyebaki nyumbani kulima. Alikuwa ameshachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya chemchemi. Kwetu watu wakisimama pamoja kidogo tu, tayari kuna kamati.

"Sista, hii tunaijengea," aliniambia. "Mawe iko, mchanga iko. Tunaweka ukuta, bomba na ngazi. Wamama wasiteleze tena."

Hilo halikuwa wazo geni. Huku kwetu chemchemi zimejaa kila bonde, na kila moja hujengewa hivyo hivyo: ukuta mdogo wa saruji nyuma, bomba katikati, sakafu ya kuwekea mtungi. Mtoto wa darasa la nne anaweza kukuchorea. Tumezijengea nyingi mno hata tukiona maji yanatoka ardhini, mkono unaanza kutafuta saruji kabla kichwa hakijauliza yametoka wapi.

Niliinama nikatia mkono. Chemchemi za kwetu asubuhi hukata vidole kwa baridi. Maji haya yalikuwa na uvuguvugu, ule wa maji yaliyoshinda juani, na yalinuka mafunjo kwa mbali. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameanza kunong'ona habari za kugombea kiti cha wodi, na nikajiambia, huyu amepitisha bomba chini ya tuta, amejitengenezea muujiza wa kampeni. Sikuweza kulihifadhi moyoni.

"Bomba umelipitishia wapi?" nilimuuliza mbele ya foleni nzima.

Alicheka. Alipoona sicheki, akakasirika. "Dada yangu, wewe hata Yesu akigeuza maji kuwa divai ungemwambia atoe risiti."

Wanawake walicheka mpaka mitungi ikaanguka. Mimi nilipanda juu ya tuta kutafuta mahali palipochimbwa. Sikuona dalili yoyote. Nyasi zilikuwa nzima, njia ya ng'ombe ile ile. Nilipochoka niliegemea kichuguu chetu kupumzika, na ubavu wake ukabomoka. Mkono wangu ulizama mpaka begani. Ndani mlikuwa na unyevu na uwazi, kama chungu kilichoachwa nje, na hapakuwa na mchwa hata mmoja. Kichuguu kilichonizidi umri kilikuwa kimebaki ganda.

Niliposhuka nikamweleza mama, alipiga makofi. "Si nilisema? Ameizamisha na dawa!"

Nilirudi Lurambi, nyumbani kwangu, bila kujua nimshuku nani. Kwa mtu kama mimi hiyo ni taabu kubwa. Nilikuwa na maji yenye joto, kichuguu kilichokufa, na hakuna mkosaji.

Wiki hiyo alikuja dukani mteja wangu, dada kijana, injinia wa mambo ya maji. Nilikuwa nikimpimia pazia la sebuleni na kumsimulia kioja cha nyumbani ili kupitisha muda. Nilitegemea atacheka. Aliliachia pazia likaanguka.

"Mama, hayo maji yanatoka meupe au yana udongo?"

"Meupe."

"Bwawa likijaa yanaongezeka?"

Sikujua. Akaniuliza kama kuna miti iliyokatwa kwenye tuta, kama kuna panya au mchwa, kama mchanga unarukaruka pale maji yanapotokea. Maswali mengi kiasi hicho kutoka kwa mtu ambaye bwawa si lake! Nikaanza kumshuku naye. Akaomba nimpeleke.

Alikuja siku yake ya mapumziko, kwa bodaboda, bila gari la kazi wala barua. Mama alimwandalia chai na ingokho, kuku wa kumkaribishia mgeni, naye akasema asante, ataangalia kwanza. Kwetu mtu anayeikataa chai anaficha kitu. Mdogo wangu alinivuta pembeni. "Huyu anatafuta tenda," alinong'ona. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimewaza hilo kabla yake.

Yule dada alitembea juu ya tuta taratibu, akapiga magoti penye kichuguu, akashuka, akatazama mchanga uliokuwa ukirukaruka kwa muda mrefu. Mama alimwambia, "Inacheza, si ndiyo?" Yule dada aligusa mchanga ule kwa kidole. Kisha akatuketisha akatueleza, na alieleza vizuri, kwa upole, bila kutuonyesha kwamba amesoma.

Alisema bwawa la udongo linaweza kufa kwa ndani huku nje likiwa zima. Maji hupata kijia, pengine kwenye mzizi uliooza, pengine kwenye vichochoro vya mchwa. Yanapita taratibu, yakiondoka na chembe moja ya udongo, kesho nyingine. Kijia huanzia huku chini yanakotokea na kurudi nyuma kidogo kidogo kuelekea kwenye maji, kikipanuka. Anayepita juu anaona nyasi tu. Siku kijia kitakapofika bwawani, hakuna wa kulizuia.

"Kwa hiyo tuzibe," mdogo wangu alisema. "Saruji tunayo."

"Hapana, msizibe. Mkiziba hapa, maji yatatafuta mahali pengine, na yatatoka kwa nguvu zaidi."

Sote tumelelewa na ile methali ya ufa na ukuta, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu mgeni akatuambia ufa huu tuuache wazi, ila tuufunike kwa mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Na kabla ya hayo yote maji ya bwawa yapunguzwe. Aliuliza njia ya zamani ya kutolea maji ya mafuriko iko wapi. Watu walimtazama mdogo wangu. Njia hiyo ilikuwa mtaro mpana pembeni, nje ya tuta, kwenye ardhi ngumu ya kilima, na kwa kuwa ilikuwa na rutuba na hakuna aliyeilinda, mdogo wangu alikuwa ameijaza miwa.

"Na huyu mama," dada alimalizia, akimwonyesha mama kwa mkono wote, kwa adabu, "asilale hapa mvua zikizidi."

Alipokwenda kuripoti kazini kwake, aliambiwa bwawa hilo haliko upande wao. Alinipigia simu kunieleza, sauti yake ikiwa imechoka. Huku nyumbani kamati ilikutana bila yeye. Wiki mbili baadaye ukuta wa saruji ulisimama, bomba likatoa maji, mchungaji akaomba, na mama akawa wa kwanza kukinga mtungi.

Nilikosa usingizi. Sasa nilikuwa na kitu cha kushuku ambacho sikuweza kukigombeza. Mtu unaweza kumuuliza swali, ukamtazama machoni. Tuta ningelitazama wapi? Nilianza kwenda nyumbani kila mwisho wa wiki, na kila mara nilichota maji ya bomba kwenye glasi, nikayainua juani kama ninavyofanya na vitambaa. Wanawake waliniita Senge Glasi, yaani Shangazi Glasi.

Nilimsihi mama ahame kwa msimu wa mvua tu. "Nihame niende wapi?" aliniuliza. Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Hawashikani mikono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja hupisha. Mama hajawahi hata kuingia chumbani kwangu. Mume wangu aliposikia, alisema, "Basi nitatoka mimi. Nitalala shuleni mpaka mvua ziishe." Nilimpenda sana siku hiyo, na nilimwambia. Lakini nilipompelekea mama ujumbe huo, alishika kichwa.

"Nimfukuze mwanaume kwa nyumba yake? Watu watasema nini? Halafu nani atakaa na baba yako?" Akaelekeza kidevu chake kaburini. Kisha akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. "Mbona wewe unataka sana nitoke hapa?"

Nilidhani ni hasira tu.

Mvua za masika zilikuja kwa fujo. Asubuhi moja, baada ya usiku mzima wa mvua, mama alinipigia simu kwa sauti ya kawaida kabisa: maji ya bomba yamekuwa kama chai ya maziwa, lakini mdogo wangu amesema yatatulia. Nilimpigia yule dada. Alisema neno moja, "Nakuja," na kabla hajakata akaongeza, "Toeni watu bondeni kwanza. Mwanzo watu. Halafu fungueni ile njia ya pembeni. Msichimbe kwenye tuta lenyewe, hata kidogo."

Mume wangu aliomba ruhusa shuleni, tukaenda. Tulipofika, bomba lilikuwa likitema matope, likinyamaza, likitema tena. Kando ya ukuta mpya wa saruji, maji yalikuwa yamejitobolea njia nyingine, kama tulivyoambiwa. Nilikimbia juu. Pembeni ya kichuguu udongo ulikuwa umedidimia, shimo la ukubwa wa sufuria ya harusi, na ndani yake nilisikia maji yakipita. Niliyasikia kwa masikio yangu. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, maana nilikuwa nimesimama juu ya kitu ambacho ndani hakipo.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye miwa yake, jembe mkononi, bila kuchimba. Miwa ilikuwa bado michanga, haifai kiwandani. Nilimwona akiitazama, na nilimchukia.

"Miwa yako au mama yako?" nilipiga kelele.

"Unadhani sijui?" alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. Akavua viatu, akaingia, akakata shina la kwanza. Wakataji miwa waliokuwa shamba la pili waliona wakaja na mapanga yao bila kuitwa.

Nilishuka kumtoa mama. Alikuwa ameketi jikoni kwenye kiti cha plastiki, ameshika nguzo. Hakutaka kutoka. Alisema amewaona mafundi wa maneno wengi, na bwawa limekuwepo kabla hatujazaliwa. Mimi peke yangu sikuweza kumwinua. Mume wangu alikuwa mlangoni, mwanaume mwenye nguvu zake, akilia kwa uchungu, kwa kuwa hawezi kumgusa mama mkwe wake. Nilimwambia aje, laana baadaye. Akapiga hatua moja, mama akapiga yowe ambalo lilimrudisha nyuma.

Ndipo nilipomwona jirani yetu wa juu akishuka mbio kwenye matope. Hakutusalimia. Alimpita mume wangu, akachuchumaa mbele ya mama, akamgeuzia mgongo.

"Panda," alimwambia. "Nitakuiba kama chiswa."

Sijui kama mama alicheka au alilia. Alipanda. Mzee yule alimbeba mgongoni, akiteleza na kusimama, mpaka kwake mlimani, mimi nikiwa nyuma nimeshika kiti. Alimketisha karibu na moto wake, akampa uji, na mama akaunywa wote bila kuuliza umetoka wapi.

Yule dada alifika tukiwa tumeshafungua mtaro. Maji ya bwawa yalikuwa yakipita pembeni, juu ya ardhi ngumu, yakiondoka na mashina ya miwa. Alitupangia watu: hawa mchanga, hawa kokoto, wengine mawe, tukavunja kile kiukuta cha saruji na kulifunika lile bubujiko kama alivyotufundisha mwanzo. Kufikia jioni matope yalipungua, maji yakaanza kutoka meupe tena. Siku zilizofuata bwawa lilishuka mpaka mafunjo yakabaki yamesimama kwenye tope. Alisema liachwe hivyo, chini, hadi tuta litakapofumuliwa na kujengwa upya, na akisema hivyo aliangalia pembeni, kwa kuwa sote tulijua hakuna mwenye bwawa wa kulijenga. Lakini mama angeweza kurudi nyumbani kwake. Nyumba ilikuwa nzima, kaburi zima, migomba mizima.

Na chemchemi ikakauka.

Haikukauka siku moja. Kadiri bwawa lilivyoshuka, yale maji nayo yalipungua, yakawa uzi, yakawa unyevu, yakaisha. Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa mwisho: haikuwa chemchemi, lilikuwa bwawa likitoroka. Nilidhani kila mtu ataona hivyo. Niliwaeleza wanawake waliokuja na mitungi mitupu, nikawaeleza tena. Walinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mlevi wa ukoo mwingine.

Bwawa likipasuka, kila mtu anakuwa shahidi. Lisipopasuka, nani atakuamini kwamba lingepasuka? Walichoona wao ni hiki: walikuwa na maji, akaja Senge kutoka Lurambi na mgeni asiyekunywa chai, wakamwaga mchanga na mawe juu ya maji hayo, na maji yakaisha. Maneno yalitembea. Nilisikia kwamba nimeyauza. Nilisikia kwamba yule dada ana kiwanda cha maji ya chupa, kwamba chemchemi imehamishiwa nyuma ya duka langu. Mdogo wangu alijaribu kunitetea, akavuliwa uenyekiti wa kamati ambayo haikuwa tena na kazi. Nilicheka nilipoyasikia hayo. Nilijua vizuri jinsi mtu anavyoyajenga mambo ya namna hiyo, chembe kwa chembe. Ndiyo kazi yangu ya maisha yote.

Sikucheka nilipojua kwamba mama ameyasikia pia, na kwamba amekwenda mbali zaidi ya majirani.

Nilikwenda kumwona Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nimebeba maji kutoka nyumbani kwangu, mitungi mizima, maana sasa alikuwa amerudia njia ya mtoni na magoti yake. Yalikuwa maji ya bomba la mjini, yaliyochemshwa, yakapoa. Aliniacha niipange mitungi jikoni. Kisha akasema, bila hasira, akipepeta maharagwe:

"Ulisema nihame, nikakataa. Ukasema tena, nikakataa. Sasa maji imeisha. Mtu mzee bila maji atakaa wapi? Atahama tu." Alipeta kidogo. "Hii shamba mnataka kuifanyia nini?"

Nilisimama pale na kifuniko cha mtungi mkononi. Nilikuwa na maneno mengi: udongo, mizizi, shimo, sauti ya maji niliyoisikia chini ya miguu yangu. Nilikuwa nimeshayasema yote. Niliumia, na nilitaka kumwambia kwamba nimeumia, lakini nilijua jinsi atakavyonitazama, kwa sababu ni mimi niliyemrithi macho yale.

Nilimmiminia kikombe nikampa kwa mikono miwili. Mama alikipokea, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakinusa. Kwetu, mwenyeji akimpa chakula mgeni asiyemwamini, yeye ndiye huonja mwanzo, ili mgeni ajue hakuna sumu. Watoto wetu hatuwadai hivyo. Mama alinirudishia kikombe.

"Kunywa wewe kwanza," alisema.

Nikanywa, na yeye akanitazama koo.